Kibali cha Kutania: Dhidi ya Uhakiki Unaopima Watu kwa Mafumbo Yao

Utangulizi

Makala haya yamechochewa na tukio dogo. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa akisomea Kenya, aliwasilisha tasnifu kuhusu utani wa msibani. Sura moja ya kazi yake ilichunguza maneno yaliyoandikwa na watani wa marehemu katika kundi la simu lililoundwa kuchangia mazishi. Mtani mmoja alikuwa ameandika kwamba marehemu amekufa makusudi ili asilipe deni la mbuzi. Mwingine alishauri jeneza lipunguzwe urefu, kwa kuwa marehemu hakuwahi kusimama wima mbele ya mkewe. Mtahini aliamuru sura hiyo iondolewe. Alieleza kwamba data hizo ni matusi matupu, na kwamba Mswahili hasemi hivyo. Mswahili, hasa mbele ya maiti, husema kwa mafumbo. Sura iliondolewa. Mwanafunzi akahitimu. Sisi tuliobaki tumebaki na swali.

Swali lenyewe si kama mtahini yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa msomi makini, naye alitumia kwa uaminifu imani ambayo wengi wetu tumeifundisha. Imani hiyo husema kwamba watu wa pwani ni watu wa mafumbo, watu wa bara ni watu wa kauli wazi, Mtanzania ni mpole wa ulimi, Mkenya ni mkavu, na Mzungu husema alichonacho moyoni bila kupepesa macho. Kutokana na mgao huo, mhakiki hujipa mamlaka ya kuamua ni mzaha upi ulio halali na ni upi usio halali kwa kuangalia kabila au nchi ya msemaji.

Tunakusudia kuonyesha kwamba imani hii ni potofu kwa ushahidi wa fasihi yetu wenyewe, kwamba inampofusha mhakiki, na kwamba madhara yake yamevuka mipaka ya chuo. Msimamo wetu ni huu: uwazi, fumbo na mzaha si tabia za watu. Ni haki zinazogawanywa ndani ya mahusiano. La kuuliza si kama jamii fulani husema wazi au hufumba, bali ni nani mwenye kibali cha kumwambia nani jambo gani, na mbele ya nani.

Nasaba ya imani

Imani hii haikuzaliwa Mombasa wala Unguja. Ina nasaba ya vitabuni. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia wa Marekani Edward Hall alichapisha kitabu chake Beyond Culture, ambamo alizigawa tamaduni katika zile za muktadha mzito, ambamo mengi hueleweka bila kutamkwa, na zile za muktadha mwepesi, ambamo kila jambo sharti litamkwe. Mgao huo ulikuwa na faida zake kwa mtafiti aliyeutumia kwa tahadhari. Ulipofika madarasani mwetu, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kugeuka jedwali: upande huu Mjerumani na Mswisi, upande ule Mjapani na Mwarabu. Nasi tukajipa kazi ya kumtafutia Mswahili kiti katika jedwali hilo.

Mwaka 1978 Penelope Brown na Stephen Levinson walitoa nadharia yao ya adabu katika mazungumzo, iliyochapishwa tena kuwa kitabu mwaka 1987. Walitegemea mifano ya Kiingereza, Kitamili cha kusini mwa India na Kitzeltal cha Mexico. Katika ngazi waliyoijenga, kadiri jambo linavyohatarisha heshima ya msikilizaji, ndivyo msemaji anavyoiacha kauli ya waziwazi na kuelekea kauli ya kufumba. Wengi wetu, bila kuzisoma kurasa zote, tulitoka na somo moja tu: kufumba ni adabu, kusema wazi ni utovu wa adabu. Mwaka huo huo wa 1987 Shoshana Blum-Kulka alionyesha, kwa wasemaji wa Kiebrania na wa Kiingereza, kwamba mambo hayaendi hivyo. Wasemaji aliowachunguza waliona ombi la kawaida lililozungushwa kidogo kuwa la adabu zaidi kuliko dokezo la kufumba. Yaani hata huko nadharia ilikotoka, fumbo na adabu havikuwa kitu kimoja. Onyo hilo halikusikika huku kwetu.

Kwa nini halikusikika? Kwa sababu imani ilitusifu. Ilimpa Mswahili sura ya mstaarabu wa kale asemaye kwa staha, na ilimpa mtu wa bara udhuru wa kudumu kila alipoambiwa kwamba amekosa adabu: ndivyo tulivyo. Nadharia inayomsifu kila mtu hukaribishwa kwa urahisi, na huwa vigumu kuitimua.

Naomba na nipe

Tuanze na mfano unaopendwa kuliko yote. Mkenya wa bara akiingia mkahawani Dar es Salaam husema, "Nipe chai." Mhudumu hununa. Mtanzania angesema, "Naomba chai." Tofauti hiyo ipo na hakuna haja ya kuikana. Imezaa mizaha isiyohesabika katika simu za pande zote mbili. Watanzania huwacheka Wakenya kwa kuamrisha kama waliokinunua Kiswahili, na Wakenya huwacheka Watanzania kwa kuomba hata kile watakacholipia. Mwanafunzi wa isimu-jamii hufika hapo akafunga hesabu: huyu ni muwazi, yule ni mpole.

Hesabu hiyo ina kasoro tatu. Kwanza, neno "naomba" si ombi kila litokapo kinywani. Askari wa usalama barabarani anayelisimamisha gari Morogoro na kusema, "Naomba leseni," haombi. Dereva anajua, abiria wanajua, na hata mtoto aliyepakatwa kiti cha nyuma anajua. Upole wa kitenzi haujamwondolea askari hata chembe ya amri yake. Umemwezesha tu kuamrisha bila kupaza sauti. Pili, Mkenya yule yule anayedaiwa kuwa mkavu ana mizunguko yake. Dukani Nairobi husema, "Nisaidie na maji," na Mtanzania humcheka, akiuliza anataka kusaidiwa kuyabeba au kuyanywa. Hilo nalo ni ombi lililovishwa nguo ya jambo jingine; halikuingia tu katika jedwali kwa kuwa halikuvaa nguo iliyotarajiwa. Tatu, adabu haikai katika kitenzi peke yake. Anayesema "Nipe chai, mama" kwa muuzaji anayemfahamu ameiweka heshima yake yote katika lile neno la mwisho. Mtafiti anayekata sentensi mbele ya neno hilo huwa ameitupa data akabaki na ganda.

Tofauti ya kweli, basi, ni ya mahali pa kuhifadhi heshima: wengine huihifadhi katika kitenzi, wengine katika jina la kumwitia mtu, wengine katika salamu ndefu inayotangulia shida yenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa bila ghala.

Fumbo si adabu

Tuugeukie uwanja wa fasihi, ambako imani hii imefanya uharibifu mkubwa zaidi. Inasemwa kwamba fumbo ni alama ya staha ya Kiswahili. Na tutazame kanga. Mwanamke anayejifunga kanga yenye jina "Nilijua mtasema" na kupita taratibu mbele ya kibaraza cha mke mwenzake hana nia ya kumstahi. Amemtupia jiwe akaficha mkono. Akiulizwa atajibu kwamba alipendezwa na rangi. Rose Marie Beck, aliyeichunguza kwa kina kanga kama chombo cha mawasiliano, ameonyesha jinsi utata huo ulivyo nguvu yake hasa: ujumbe umefika, na aliyeutuma hawezi kushtakiwa.

Ndivyo ilivyokuwa katika taarab ya mipasho iliyotamba Dar es Salaam katika miaka ya 1990, wakati vikundi vya Muungano na TOT viliposhindana kwa nyimbo za kurushana roho. Hakuna jina lililotajwa. Hata hivyo ukumbi mzima ulijua ni nani anayeimbwa, na mwanamke aliyeinuka kwenda kumtuza mwimbaji alichagua kwa makusudi ubeti wa kuinukia na njia ya kupitia, ili hasimu wake asikose kuelewa. Fumbo hapo halikupunguza makali ya neno. Lililinoa. Anayeita mipasho adabu kwa sababu haitaji majina ni sawa na anayemwita mwizi mpole kwa sababu aliingia bila kugonga.

Na je, ni kweli kwamba pwani haisemi wazi? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilumbana na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo mapema katika karne ya 19. Katika tungo zake kuna mafumbo mazito, na kuna kejeli na vitisho vya waziwazi ambavyo msikilizaji hakuhitaji mfasiri kuvielewa. Mshairi ni mmoja na mji ni mmoja. Kilichobadilika ni nani aliyeambiwa.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 mwana huyu wa Mombasa aliandika na kusambaza waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, kwa lugha ambayo serikali haikuhitaji mtaalamu wa mafumbo kuielewa. Alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Akiwa gerezani alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, ambamo hali ya nchi inazungumziwa pia kwa sura za mamba na za mnazi unaogombaniwa. Kwa mujibu wa imani tunayoipinga, tungelazimika kusema kwamba Abdilatif alikuwa mtu wa bara alipokuwa huru, akawa Mswahili alipofungwa. Huo ni upuuzi. Mtu huyo huyo, kwa sababu hiyo hiyo, alisema wazi alipodhani anayo haki ya kusema na raia wenzake, akafumba alipokuwa anaandika kwa siri chini ya jicho la askari jela. Fumbo lilikuwa zao la kufuli, si la damu.

Bara nako mambo ni hayo hayo. Kithaka wa Mberia, ambaye chimbuko lake si pwani, aliandika Kifo Kisimani, tamthilia iliyotoka mwaka 2001, juu ya nchi ya kubuni iitwayo Butangi na mtawala wake Bokono. Hakuna msomaji Mkenya aliyehitaji ramani kujua Butangi iko wapi. Mtu wa bara amefumba, tena amefumba vizuri. Je, naye tumpe cheti cha Uswahili?

Utani na kibali chake

Hapa ndipo tunaporudi kwa mtahini wetu na sura iliyotupwa. Wanaanthropolojia walitambua mapema kwamba matusi ya watani si matusi. Makala mashuhuri ya Radcliffe-Brown kuhusu uhusiano wa utani yalitoka mwaka 1940, na katika miaka hiyo hiyo R. E. Moreau alikuwa akiandika juu ya utani nchini Tanganyika. Walichokiona kinajulikana na kila aliyekulia katika jamii zenye desturi hiyo: mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo mtu mwingine akiyasema patazuka ugomvi, na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika.

Ni muhimu kuuliza ruhusa hiyo inatoka wapi. Wangoni na Wahehe ni watani, na husimuliwa kwamba utani wao umetokana na vita walivyopigana katika karne ya 19. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya njia ya pwani huhusishwa na safari za misafara, ambapo wageni na wenyeji walilazimika kupeana maji, hifadhi na mazishi. Kibali hicho, basi, hakikutolewa bure. Kililipiwa kwa damu au kwa jasho, na kinaendelea kulipiwa kwa kazi. Mtani huyo huyo anayemkejeli maiti ndiye anayeshika jembe la kuchimbia kaburi. Huingia humo na kukataa kutoka hadi apewe chochote. Waliofiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, kisha maziko huendelea. Kejeli na wajibu ni pande mbili za shilingi moja. Aliyeandika kwamba marehemu amekwepa deni la mbuzi alikuwa, bila shaka, miongoni mwa waliotarajiwa kufika mapema na kuondoka mwisho.

Mtahini alisoma maneno bila kusoma kibali. Aliona uwazi mbele ya maiti, akakumbuka kwamba Mswahili hufumba, akahitimisha kwamba pana matusi. Angeuliza aliyeandika ni nani kwa marehemu, sura ingesalimika.

Na tusidhani kwamba vibali hivi ni vya Tanzania peke yake. Vijana wa Nairobi wana mchongoano, mchezo wa kushushuana kwa chumvi nyingi kuhusu umaskini wa nyumbani kwa mwenzako au ubahili wa babake, ambapo anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Wajaluo wana pakruok, ambapo mtu hulipa ili muziki usimamishwe ajisifu, amsifu mwenzake au amchokoze kwa majina ya kupanga. Katika mchezo wa kwanza kibali hutokana na urika. Katika wa pili hununuliwa kwa fedha, papo hapo, mbele ya mashahidi. Hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kugawa haki ya kusema, na tofauti hiyo inastahili tasnifu nzima. Lakini kamwe haiwezi kuonekana na mtu anayeuliza tu kama Mjaluo ni muwazi kuliko Mnyamwezi.

Maandishi yasiyo na uso

Watatuambia wapinzani wetu kwamba haya yote ni ya ana kwa ana, na kwamba leo watu wanataniana kwa maandishi, na wasiowajua. Hoja hiyo ni nzito, nasi tunaikubali nusu. Neno lililoandikwa na kutumwa halina sauti, halina jicho la kukonyeza, wala halimchagui msomaji wake. Vijisura vya kucheka ambavyo watu hubandika mwishoni mwa ujumbe ni jitihada ya kurudisha uso uliopotea. Navyo havitoshi, kwa kuwa mchokozi hubandika vile vile.

Lakini tatizo hili halikuletwa na simu. Mjini Lamu, katika uchaguzi wa mwaka 1974 na ule mdogo uliofuata mwaka 1975, wafuasi wa wagombea walirushiana mashairi makali yaliyosambazwa kwa kanda za kaseti. Malumbano hayo ya Kimondo yamechunguzwa na Assibi Amidu katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Kanda ilipita nyumba hadi nyumba bila mshairi kuwapo, na shairi lililotungwa kumjibu hasimu mmoja likasikika na watoto wake na wakwe zake. Tayari hapo neno lilikuwa limeachana na uso wa mwenyewe. Hata hivyo Lamu ilikuwa ndogo. Kila aliyesikiliza alijua sauti ni ya nani na ana haki gani ya kusema. Jambo jipya katika zama zetu ni kwamba msikilizaji wa mwisho hajui kabisa.

Tuchukue mzaha ambao kila msomaji wa jarida hili ameusikia: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Ukitamkwa mezani na Mtanzania kwa Mkenya aliyemzoea, mzaha huu ni utani mzuri; Mkenya atajibu kwamba mgonjwa angalau alipelekwa hospitali. Ukiandikwa na kusambazwa, humfikia msomaji wa Lubumbashi ambaye Kiswahili ndicho alichonyonya, na ambaye anaambiwa kwamba lugha ya mamake ni kaburi. Yeye hakuwapo mezani. Hakupewa nafasi ya kujibu. Kwake ule si utani, kwa kuwa utani hauwi utani bila zamu.

Tungeweza kuyaachia hayo kwa wapiga soga, lakini ni aibu kwamba mzaha huo umepenya hadi katika makala za kitaaluma, ambamo hutajwa kwa tabasamu kana kwamba ni muhtasari wa historia. Msomi anayeuandika mzaha huo kama ushahidi amefanya kosa lile lile la mtahini wetu, ila kwa upande wa pili. Mtahini aliuchukua utani akaugeuza matusi. Huyu amechukua kejeli akaigeuza elimu. Johannes Fabian aliandika mwaka 1986 kitabu kizima juu ya Kiswahili cha Kongo na utawala wa kikoloni, na tangu mwaka 2022 nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaotajwa katika mzaha huo kama wazikaji ni wenzetu wa semina. Wanatusoma.

Madoadoa

Tumesema kwamba madhara yamevuka mipaka ya chuo. Mwezi Aprili 2022, Kenya ilipokuwa ikielekea uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichapisha orodha ya maneno yanayohesabiwa kuwa ya chuki. Miongoni mwake kulikuwamo "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Kulikuwamo pia "hatupangwingwi" na "watajua hawajui".

Mhakiki wa fasihi na aitazame orodha hiyo kwa makini. "Madoadoa" ni neno la nyumbani. Ni la nguo iliyochafuka, la ng'ombe, la ndizi iliyoiva. Halitaji kabila wala halitukani mtu. Kwa ngazi ya adabu tuliyoifundisha, kiongozi anayewataka watu wake waondoe madoadoa amesema kwa staha ya hali ya juu: amefumba. Na bado, kwa wakazi wa Bonde la Ufa wanaokumbuka machafuko ya miaka ya 1990 na yale ya 2007 na 2008, fumbo hilo lina maana moja tu, nayo ni kufukuzwa au kufa. Rwanda ilikwisha kutufunza somo hilo. Huko pia neno la mende, inyenzi, lilikuwa sitiari tu, na redio ya RTLM ilipendwa na wasikilizaji kwa ucheshi na uchangamfu wake kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama iliyokaa Arusha ilihitaji kesi ndefu, iliyotolewa hukumu mwaka 2003, kuamua maana ya maneno ya aina hiyo.

Upande wa pili wa orodha una kasoro yake. "Hatupangwingwi" ni majigambo yaliyotoka katika muziki wa vijana, na "watajua hawajui" ni kitisho cha kimasihara ambacho mashabiki wa kandanda hurushiana kila wiki. Kuyaweka maneno haya sufuria moja na "kwekwe" ni kukiri kwamba hatujui kutofautisha majigambo na wito wa kung'oa watu. Orodha ya maneno haiwezi kuijua tofauti hiyo kwa sababu tofauti haimo katika maneno. Imo katika nani anasema, kwa nani, akiwa na nguvu gani, na kama anayeambiwa ana zamu ya kujibu.

Mahakama imewahi kuliona jambo hili kabla yetu. Mwezi Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kilichofanya kuwa kosa kutuma ujumbe wa kuudhi, kwa kuwa maneno yake hayakueleza kwa uhakika ni nini hasa kilichokatazwa. Nani ameudhika, na kwa haki gani? Hilo lilikuwa swali la uhakiki, na liliulizwa na jaji. Wahakiki tulikuwa wapi? Tulikuwa tukihesabu mafumbo ya pwani na uwazi wa bara. Tumewaachia polisi na waendesha mashtaka kazi ya kufasiri kicheko cha taifa, kisha tunashangaa kwamba wanaifanya kama polisi.

Imani yetu, kwa hiyo, inaumiza mara mbili. Inamfanya mnyonge anayetania kwa kibali chake aonekane mtukanaji, kwa sababu hakufumba. Na inampa mwenye nguvu kichaka cha kujificha, kwa sababu alifumba; akibanwa, hutabasamu na kusema kwamba alikuwa anatania tu. Hatuna haja ya kukubali udhuru huo. Mtani wa kweli huonyesha jembe lake. Anayedai kutania na aonyeshe kaburi alilowahi kumchimbia anayemtania, au walau zamu aliyompa ya kumrudishia.

Hitimisho

Hatusemi kwamba jamii hazitofautiani. Zinatofautiana sana, na anayefika Unguja na desturi za Nairobi, au Nairobi na desturi za Unguja, atajikwaa. Tunachosema ni kwamba hazitofautiani kwa kiasi cha uwazi walionao watu wake, mithili ya chumvi katika mchuzi. Zinatofautiana katika namna zinavyogawa haki ya kusema wazi, haki ya kufumba na haki ya kucheka: kwa umri, kwa ukoo, kwa vita vya zamani, kwa fedha, kwa ndoa. Mgao huo unaweza kuchunguzwa, kuandikwa na kubishaniwa. Tabia za watu haziwezi. Zinaweza tu kusifiwa au kutukanwa.

Tunawaomba wenzetu, na hapa twaomba kwa maana ya Morogoro, mambo mawili. La kwanza, tasnifu yoyote kuhusu mzaha, utani au mafumbo isipitishwe wala kukataliwa kabla mtahini hajauliza uhusiano wa wanaosema. La pili, sentensi inayoanza na "Mswahili hasemi" iondolewe katika ripoti zetu za utahini. Mswahili amesema, mara nyingi, na kwa njia zote. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumekwisha kuamua atakachosema.

Sura ile ya mwanafunzi wetu bado ipo. Imo katika simu za wafiwa, ambao hawajamwomba mtahini yeyote ruhusa ya kuisoma. Husikika kwamba kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu, mtani mmoja huandika tena kuulizia mbuzi wake, na mjane humjibu kwamba deni limerithiwa na wajukuu.